Alikuwa Umbali Gani? Jinsi ya Kusoma Mita Ndani ya Picha

Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona, wapiga picha wa shirika la habari la Ritzau Scanpix la Denmark walifanya jaribio lililozungumzwa sana. Walipiga picha za watu walewale, mahali palepale jijini Copenhagen, kwa namna mbili. Mara ya kwanza walitumia lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Mara ya pili walitumia lenzi pana na kusimama mahali pengine. Katika picha ya lenzi ndefu watu wanaonekana wamebanana bega kwa bega. Katika ile nyingine kuna nafasi ya kutosha kati ya mtu na mwenzake. Hakuna iliyochezewa kwenye kompyuta.

Siku zile swali lilikuwa zito: watu wanakaa mbalimbali kama walivyoagizwa, au wanakaidi? Wengi walihukumu kwa kutazama picha tu. Swali la namna hiyo huzuka kila siku kwa sura nyingine. Gari lilikuwa umbali gani kutoka kwa mtembea kwa miguu? Watalii walimsogelea tembo kiasi gani? Mpira ulivuka mstari au haukuvuka? Picha ipo, watu wameizunguka, na kila mmoja ana jibu lake.

Mara nyingi jibu hupatikana kwa kuzidisha na kugawanya tu, hesabu za shule ya msingi. Lakini kwanza ni lazima kujua picha imebeba nini, na nini haikubeba.

Pembe, si mita

Kamera ya kawaida haiandiki umbali wa kitu ndani ya picha. Inachonasa ni pembe ambayo kitu hicho kimeijaza mbele ya lenzi. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 aliyesimama mita 10 kutoka kwenye kamera hujaza pembe sawa na sanamu ya sentimita 17 iliyowekwa mita 1 tu mbele ya kamera hiyo. Kwenye picha, mtu na sanamu watalingana. Ndiyo maana watalii wanaofika Pisa, Italia, hupigwa picha wakiwa kama wanauzuia kwa viganja ule mnara ulioinama.

Ili kutoka kwenye pembe na kufika kwenye mita, lazima kipatikane kipimo kimoja cha kweli: urefu wa mtu, upana wa goli, kimo cha mlango. Kipimo hicho kikishapatikana, kanuni ni nyepesi. Chukua urefu halisi wa kitu, zidisha kwa fokasi ya lenzi (zile milimita zinazoitambulisha lenzi), kisha gawanya kwa urefu wa taswira ya kitu hicho kwenye kihisi, yaani kile kibapa ndani ya kamera kilichochukua nafasi ya filamu. Tuseme lenzi ni ya milimita 50, mtu ana mita 1.7, na taswira yake kwenye kihisi ina milimita 8.5. Mita 1.7 mara 50 ni 85. Gawanya kwa 8.5, jibu ni mita 10.

Na hizo milimita za kwenye kihisi zinapimwaje wakati kihisi kimefungiwa ndani ya kamera? Kwa pikseli. Kwenye kamera nyingi za kitaalamu kihisi kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, saizi ileile ya filamu ya zamani. Ikiwa picha nzima ina kimo cha pikseli 4,000 na mtu amechukua 1,000, basi amechukua robo ya kimo, yaani milimita 6.

Jaribio la uwanjani

Mahali pazuri pa kuijaribu hesabu hii ni uwanja wa mpira, kwa sababu vipimo vyake vimewekwa na sheria za mchezo. Goli lina upana wa mita 7.32 kati ya nguzo na nguzo, na kimo cha mita 2.44. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Mstari wa eneo la kumi na nane uko mita 16.5.

Chukua simu ambayo kamera yake kuu inalingana na lenzi ya milimita 26, mojawapo ya viwango vya kawaida vya simu za leo. Ishike kwa ulalo, simama kwenye alama ya penalti, lenga katikati ya goli na upige. Kwenye picha ya kawaida ya simu, ile yenye uwiano wa 4 kwa 3, goli litachukua nusu ya upana wa picha. Rudi nyuma hadi kwenye mstari wa kumi na nane upige tena: sasa goli limechukua theluthi moja. Rudi hadi mita 22, ambayo ni mara mbili ya umbali wa penalti, na goli litabaki robo.

Umbali ukiongezeka mara mbili, taswira hupungua nusu. Ukiongezeka mara tatu, hubaki theluthi. Mtu anayelijua hilo anaweza kupokea picha ya goli iliyopigwa na mwingine kwa simu ya aina hiyo, akaweka rula juu yake, akaona goli limechukua sehemu gani ya upana, kisha akataja mpiga picha alisimama mita ngapi kutoka golini.

Upana una mtego wake, hata hivyo. Mpiga picha akihamia karibu na kibendera cha kona, goli linaonekana jembamba kwa sababu linatazamwa kwa ubavu, na hesabu ya upana inaharibika. Hapo kimbilio ni kimo. Mtambaa wa panya uko mita 2.44 kutoka ardhini hata ukitazamwa kutoka upande gani. Wazoefu wa kazi hii hupenda kupimia vitu vilivyosimama wima: mtu, nguzo, mlango, gurudumu la gari.

Kosa la kipimo nalo huingia moja kwa moja kwenye jibu. Ukimdhania mtu kuwa na mita 1.7 kumbe ana 1.6, umbali utakaoupata utazidi ukweli kwa takriban asilimia 6. Kwa mtu aliyesimama mita 10, kosa hilo halifiki hata mita moja. Kwa aliyesimama mita 200, ni zaidi ya mita 12.

Faili halisi lina siri za lenzi

Fokasi ya lenzi mara nyingi huwa imeandikwa ndani ya faili la picha. Tangu mwaka 1995, utaratibu ulioanzia Japani na kuitwa EXIF umeziwezesha kamera kuhifadhi maelezo pamoja na picha: saa iliyopigwa, fokasi ya lenzi, na aghalabu fokasi inayolingana na ile ya kamera za filamu ya milimita 35. Baadhi ya kamera huandika hata umbali ambao lenzi ilikuwa imelengwa. Kwenye simu nyingi maelezo hayo huonekana kwa kufungua picha na kutazama taarifa zake.

Tatizo ni kwamba maelezo hayo hupotea kirahisi. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, huvuliwa maelezo ya EXIF na hupunguzwa ukubwa; ikitumwa kama dokumenti, hubaki ilivyo. Picha iliyokatwa kingo ni mbaya zaidi, kwani aliyeikata amebadilisha upana wa picha bila kubadilisha chochote uwanjani. Goli lililokuwa robo ya picha linaweza kuwa nusu, na anayepima akadhani mpiga picha alisimama kwenye alama ya penalti kumbe alikuwa mita 22.

Tembo na Kilimanjaro

Watu wengi huamini kwamba lenzi ndefu huwa na tabia ya kubana umbali. Mfano wa picha maarufu za Amboseli, kusini mwa Kenya, unaonyesha kinachotokea hasa. Tembo dume anatembea kwenye nyika, na nyuma yake Kilimanjaro imejaa fremu kana kwamba inaanzia mgongoni mwake. Kwa kweli, kutoka kwenye mabwawa ya Amboseli hadi kilele cha Kibo, upande wa Tanzania, ni karibu kilomita 50. Kibo ina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari na nyika ya Amboseli iko kwenye mita 1,150 hivi, kwa hiyo mlima unapanda takriban mita 4,750 juu ya macho ya anayeutazama kutoka pale.

Mpiga picha akae mita 50 kutoka kwa tembo mwenye kimo cha mita 3 begani, akiwa na lenzi ya milimita 100. Kwenye kihisi tembo atakuwa na milimita 6, na mlima milimita 9.5. Sasa arudi nyuma hadi mita 100 na kufunga lenzi ya milimita 200. Tembo atabaki na milimita 6 zilezile, maana umbali umeongezeka mara mbili na lenzi nayo imeongezeka mara mbili. Lakini mlima uko kilomita 50. Mita 50 alizorudi nyuma hazikuupunguza kwa kiasi cha kuonekana, ila lenzi imeukuza hadi milimita 19. Tembo ni yuleyule, mlima umekuwa mara mbili.

Kwa hiyo kilichobadilisha uwiano wa tembo na mlima ni miguu ya mpiga picha, lenzi ilifuata tu. Picha za Copenhagen zinaelezeka kwa hesabu hiyohiyo. Watu wawili wanaopishana mita 2, wakipigwa picha kutoka mita 2, wa nyuma huonekana nusu ya wa mbele, na jicho linatambua mara moja kwamba kuna nafasi kati yao. Wakipigwa kutoka mita 40, wa nyuma hupungua kwa asilimia 5 tu. Jicho linaona watu wawili wenye ukubwa mmoja na kuamua kwamba wamesimama pamoja.

Mstari wa upeo wa macho

Ipo njia isiyohitaji kujua urefu wa kitu kinachotazamwa. Inahitaji ardhi tambarare na kimo cha kamera. Kwenye picha ya ufukweni, mstari ambapo bahari hukutana na mbingu hupita kwenye kimo cha kamera yenyewe. Kamera ikiwa mita 1.5 juu ya mchanga, mstari huo utawakata watu wote kwenye mita 1.5 ya miili yao, wawe karibu au mbali. Leon Battista Alberti wa Italia aliwaeleza wachoraji jambo hili mwaka 1435, karne nne kabla ya kamera.

Simu ile ya milimita 26, ikitoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, ina fokasi ya takriban 3,000 ikipimwa kwa pikseli badala ya milimita. Zidisha 3,000 kwa kimo cha kamera, 1.5, upate 4,500. Hesabu pikseli kutoka mstari wa upeo hadi kwenye nyayo za mtu, kisha gawanya 4,500 kwa idadi hiyo. Nyayo zikiwa pikseli 450 chini ya mstari, mtu yuko mita 10. Zikiwa pikseli 45, yuko mita 100. Baada ya hapo mambo huharibika upesi: pikseli 9 ni mita 500, pikseli 8 ni mita 562. Kosa la pikseli moja tu linamsogeza mtu mita 62. Njia hii basi ni ya kuaminika kwa makumi ya mita, si kwa mamia.

Picha mbili zinapoungana

Mwaka 1858 msanifu majengo Albrecht Meydenbauer alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar, Ujerumani, alipoponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Akaanza kufikiria kwamba jengo linaweza kupimwa kwa picha, mpimaji akiwa salama chini. Mwaka 1867 neno fotogrametria lilichapishwa kuwa jina la elimu hiyo, na mwaka 1885 Meydenbauer akaanzisha taasisi ya serikali ya Prussia iliyopima majengo ya kale kwa picha.

Nguvu ya elimu hiyo ni picha mbili au zaidi kutoka sehemu tofauti. Ukifumba jicho moja kisha jingine, kidole kilicho mbele ya pua kinaruka sana na mti ulio mbali unatulia. Kamera mbili zilizotenganishwa nusu mita hufanya vivyo hivyo. Kwa fokasi ya pikseli 3,000, kitu kilichohama pikseli 75 kati ya picha hizo kiko mita 20: 3,000 mara nusu mita, gawanya kwa 75. Hapa hakuna haja ya kujua ukubwa wa kitu. Kipimo cha kweli ni ile nusu mita kati ya kamera na kamera.

Wapenzi wa soka wana mfano wao. Julai 30, 1966, kwenye fainali ya Kombe la Dunia Wembley, shuti la Geoff Hurst wa Uingereza liligonga mtambaa wa panya, likadunda chini na kurudi uwanjani. Mwamuzi alikubali goli, na Ujerumani Magharibi ikalalamika. Miaka 30 baadaye, watafiti Ian Reid na Andrew Zisserman wa Chuo Kikuu cha Oxford walichukua filamu za kamera mbili za siku ile na mistari ya uwanja yenye vipimo vinavyojulikana, wakakokotoa mpira ulikuwa wapi. Hitimisho lao: mpira haukuvuka mstari wote.

Kutoka mwezini hadi baharini

Wanaanga wa Apollo walipewa kamera za Hasselblad zenye kioo kilichochorwa misalaba midogo kila milimita 10, ili picha za mwezini ziweze kupimwa zikirudi duniani. Macho yao yenyewe yaliwaangusha. Duniani vumbi na mvuke hufifisha mlima wa mbali. Mwezini hakuna hewa, na jiwe la mbali lina makali sawa na la karibu. Februari 1971, Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walitafuta ukingo wa shimo la Cone, lenye upana wa zaidi ya mita 300, wakageuza bila kuliona. Picha za baadaye kutoka angani zilionyesha kwamba walifika karibu mita 30 tu kutoka ukingoni.

Hapa Afrika, hesabu hii inawasaidia wanaohesabu wanyama. Katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walikadiria idadi ya swala wadogo wa jamii ya funo kwa kamera zinazojiwasha mnyama apitapo. Mnyama aliye karibu na kamera hunaswa kwa urahisi, wa mbali hukosekana, kwa hiyo bila kujua umbali wa kila mnyama idadi itapotoka. Dawa yake ni ya vitendo: mtafiti husimama mbele ya kamera kwenye mita 1, kisha 2, kisha 3 na kuendelea, anarekodiwa, na baadaye kila mnyama hulinganishwa na rekodi hizo.

Pwani ya Msumbiji, watafiti walitaka kujua urefu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye wavuvi wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, wanamfahamu vizuri. Walifunga taa mbili za leza kwenye kamera, zikipishana sentimita 50 na kuelekea upande mmoja sambamba. Zikimulika ubavu wa samaki, doa moja hadi jingine ni sentimita 50, awe karibu au mbali. Tatizo la umbali likamalizwa kabla ya picha kupigwa.

Simu nazo zimeingia. Mwaka 2016 iPhone 7 Plus ilitumia lenzi zake mbili kutambua nani yuko mbele na nini kiko nyuma, ili ififishe mandhari. Mwaka uliofuata Pixel 2 ya Google ilifanya hivyo kwa lenzi moja, kwa kugawa kila pikseli ya kihisi sehemu mbili. Zipo pia programu za akili mnemba zinazokisia umbali kwa picha moja, baada ya kufunzwa kwa picha nyingi mno. Zina ustadi mkubwa wa kupanga kipi kiko mbele ya kipi. Kwenye mita zinaweza kukosea, hasa zinapokutana na lenzi au mandhari ambazo hazijazizoea, kwa sababu nazo zinaanzia kwenye pembe zilezile.

Anayepiga picha ya ajali, ya mpaka wa shamba au ya nyumba inayodaiwa kujengwa ndani ya hifadhi ya barabara afanye mambo machache. Asivute taswira kwa vidole kwenye kioo cha simu. Asimamishe kitu chenye kimo kinachojulikana kando ya kile kinachobishaniwa, si kando ya kamera: fimbo ya mita moja inatosha. Apige picha ya pili akiwa amehama hatua kadhaa pembeni, na apime hatua hizo kwa futi kamba. Kisha alitunze faili halisi, na akilituma alitume kama dokumenti.